Wajomba wanataka mdogo wangu aandikwe jina la zamani kwenye programu ya mazishi ya shosho

Anti, habari za siku. Mi husoma majibu yako kila wiki lakini sikudhani ipo siku ningekuandikia mwenyewe. Saa hii ni saa saba usiku, niko kwa mama Nakuru, watu wa matanga wameenda kulala na mimi nimebaki na kompyuta juu nimepewa kazi ya kutengeneza programu ya mazishi ya shosho, mamake mama. Tunamzika Ijumaa. Mwenye kuchapisha anataka kazi Jumatano asubuhi. Kila kitu kiko tayari, picha, nyimbo, wasifu, imebaki mstari mmoja tu na huo mstari umenitoa machozi kuliko msiba wenyewe.

Sisi kwa mama tuko watatu. Kaka yetu mkubwa, mimi, na kitinda mimba ambaye alizaliwa mvulana, ama niseme tulimlea kama mvulana, sijui kuongea vizuri unisamehe. Sisi ni Wakikuyu kwa hivyo unajua venye majina yanaenda. Kaka aliitwa baba ya baba, mimi nikaitwa mama ya baba, na kitinda mimba kwa sababu alikuwa mvulana wa pili akaitwa baba ya mama, yaani guka. Mama alimpenda vibaya sana, alikuwa hata hamwiti jina, alikuwa anamwita "baba" tu, baba kuja kula, baba umevaa sweta, juu alikuwa na jina la babake.

Sasa miaka minne imepita tangu mdogo wangu atuambie yeye ni msichana na amekuwa akijua hivyo tangu akiwa darasa la tatu. Alienda hospitali, akaongea na madaktari, ako kwa dawa, na ukimuona leo barabarani utasema tu msichana. Na jina alilochukua ni la shosho. Alinielezea akasema dada, kama ningezaliwa venye nilifaa kuzaliwa ningekuwa msichana wa pili, na msichana wa pili anaitwa mama ya mama, mi sijaiba jina la mtu, nimechukua langu. Nilinyamaza. Sikuwa na jibu lakini pia sikumkubali, Anti, na hii nakuambia ukweli, kwa miaka miwili mzima nilikuwa nampigia simu namuita jina la zamani makusudi, nikidhani nikikazana atarudi.

Aliyemkubali wa kwanza ni shosho. Macho yalikuwa yameharibika na mtoto wa jicho. Desemba moja mdogo wangu akaingia kwa nyumba amevaa rinda, watu wote kimya, hata redio mtu akazima. Shosho akauliza ni nani ameingia. Akajibiwa jina. Shosho akasema hilo ni langu. Halafu akanyoosha mkono akamshika uso, pole pole, akasema basi kaa hapa na mimi unishikie kikombe. Hakuuliza kitu kingine. Tangu hiyo siku ukimpigia shosho simu swali la kwanza ni "wajina wangu yuko wapi?" Na miezi mitano ya mwisho, sisi wengine tukiwa na kazi zetu na watoto wetu, ni yeye alikuwa anamuogesha na kumlisha.

Sasa kamati ya mazishi. Wajomba watatu wamesema kwa grupu la WhatsApp kwamba kwenye orodha ya wajukuu aandikwe jina la guka kama zamani ama asiandikwe kabisa. Wanasema alitupa jina la baba yao kwa taka halafu sasa anataka kuvaa la mama yao mbele ya kanisa. Mjomba mkubwa ndiye amelipa jeneza na tenti, na akasema pasta akijua ataondoka. Mama analia tu, ananiambia mwambie avae suruali siku moja, siku moja tu, si atavaa rinda maisha yake yote. Nilimuuliza mdogo wangu, akasema niandikeni venye niko ama msiniandike, mi nitakaa nyuma na majirani, mimi na shosho tulishaagana.

Anti, niandike nini? Na ingine ya pili nikiwa hapo. Huyu mtoto alipata B+ kwa KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, akasoma uhasibu, lakini ni miaka mitatu hajapata kazi ya maana. Anaitwa kwa intavyu, anafika, wanaangalia cheti kina jina la mwanaume na wao wanaona msichana, wanamwambia hizi ni karatasi za kuiba. Mahali pamoja waliita askari wa geti amtoe. Sasa anaandikia wafanyabiashara wa sokoni hesabu zao na analipwa na viazi. Kuna njia ama ndio basi?

Dada mkubwa, Nakuru

JIBU

Mwanangu, poleni sana na msiba. Na asante kwa kuniambia hiyo ya miaka miwili ya simu, hukuwa na lazima ya kuniambia.

Nitakujibu la Jumatano kwanza juu siku hazikusubiri. Usiandike jina la zamani. Hata wajomba wakikasirika, hata mama akilia. Programu ya mazishi watu huiweka, iko kwa kabati miaka ishirini, watoto wenu wataitoa wasome shosho alikuwa nani na aliacha nani. Ukiandika mle jina ambalo mwenyewe shosho aliliacha kumuita, unakuwa umemwandikia marehemu uongo kwenye karatasi yake ya mwisho. Shosho alisema "hilo ni langu." Kwa mambo ya mazishi ya shosho, mimi ningemsikiza shosho.

Lakini sitaki uende kupigana na wajomba zako kwa grupu, na sitaki uwaone kama watu wabaya tu, kwa sababu nimesoma barua yako mara tatu na naona kidonda chao ni cha kweli. Hao wamefiwa na baba, sasa wanazika mama, na wanaona mtu aliyepewa kubeba jina la baba yao amelivua. Kwa mila yenu jina si jina tu, ni mtu amerudi. Kwa hivyo ukienda kuwaambia mambo ya haki za binadamu hawatakusikia, utakuwa unajibu swali hawajauliza. Waendee na mila hiyo hiyo.

Kesho asubuhi, acha simu, nenda kwa mjomba mkubwa mwenyewe kwa miguu, ukiwa peke yako au na kaka yako, umkute kabla watu hawajajaa. Umwambie hivi, mjomba, jina la guka halijapotea. Kila mmoja wenu watatu, mtoto wake wa kwanza wa kiume si ameitwa guka? Kwa mila yenu ni lazima iwe hivyo, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa baba ya baba. Basi kama wote watatu wamejaliwa wavulana, kwenye orodha hiyo hiyo ya wajukuu jina la guka linatokea mara tatu, na guka mwenyewe ameandikwa mstari wa kwanza kabisa kama mume wa marehemu. Lakini jina la shosho kwa nyumba ya mama yako lingekuwa la msichana wa pili, na msichana wa pili mama yako hakupata, mpaka huyu. Muulize mjomba kwa upole, shosho kwa nyumba ya binti yake hana wajina mwingine, tumtoe huyo mmoja? Halafu unyamaze. Mzee aliyefiwa hapendi kujibiwa haraka, mwache akae nalo.

Kuna kitu kingine hujakiona na mimi nimekiona kwa barua yako mwenyewe. Mama yako alikuwa anamwita huyu mtoto "baba" kwa sababu ya jina. Nadhani hapo ndipo mama anaumia, si rinda, ni kwamba alipoteza baba yake mara ya pili na hakuna aliyempa pole. Mpe pole. Kaa naye jikoni umwambie mama najua ulipoteza mtu wa kuita baba. Halafu ukiona moyo umetulia umwambie, Ijumaa unamzika mama yako, na ndani ya nyumba hii kuna mtu mmoja tu ambaye kwa haki ya jina lake unaweza kumwita "mama." Usimlazimishe amwite. Mwambie tu halafu uendelee kuosha vikombe.

Hiyo ya suruali siku moja, hapana. Naelewa inatoka wapi, mama anataka amani siku ya kumzika mamake. Lakini mtu ambaye ameogesha marehemu miezi mitano hafai kuambiwa aje kumzika akiwa amejificha ndani ya mtu mwingine. Miaka ya nyuma, nisamehewe, mama mmoja aliniandikia kitu karibu na hiki na nilimjibu vibaya, nilimwambia asubiri, ni ujana, itapita. Alisubiri. Mtoto alihama nyumbani na hadi mama anaandika barua ya pili hakuwa anajua anaishi mji gani. Hiyo barua ya pili bado ninayo.

Sasa ya pasta. Usingoje ajue siku yenyewe, kuna watu watamnong'oneza mbele ya jeneza na hapo hakuna atakayefikiria vizuri. Nendeni Jumatano jioni mkamwambie, na mkumbushe Isaya 56, pale Mungu anasema matowashi wanaoshika agano lake atawapa ndani ya nyumba yake nafasi na jina, jina lililo bora kuliko la wana na mabinti. Towashi na mtu aliyebadili jinsia si kitu kimoja, sitakudanganya, lakini towashi ndiye alikuwa mtu aliyefungiwa mlango wa hekalu kwa sababu ya mwili wake, na alichopewa kwanza ni jina. Pasta analijua hilo andiko, hana haja ya kuhubiriwa, anahitaji tu kuambiwa mapema. Akikataa kabisa, basi mjue Jumatano na mna siku moja ya kutafuta mwingine.

Na mpangie mdogo wako usalama, hili nalisema kwa uzito. Muulize yeye mwenyewe anataka kukaa wapi, usimpangie. Wewe ukae upande mmoja na kaka yenu upande wa pili. Mweleze mwenye kuongoza shughuli mapema jinsi jina linavyotamkwa, na umwambie waziwazi hakuna kumwita mjukuu mmoja mmoja kwa kipaza sauti, wajukuu wote waje pamoja kuweka mashada. Kuwe na gari au boda ya mtu mnayemjua karibu na geti. Na kama atabadilisha nia Ijumaa asubuhi aseme anataka kukaa na majirani, mwache akae, lakini jina libaki kwenye karatasi.

Kiswahili chetu kinakusaidia pia. Programu nyingi zinaandikwa Kingereza na hapo ndipo mnajifunga, huyu wa kiume huyu wa kike kila mstari. Kwa Kiswahili ni mjukuu, ni mtoto wa fulani, "alimtunza marehemu hadi mwisho" na hujasema chochote zaidi. Lakini usitumie hiyo kumficha. Andika jina lake lote.

Nije kwa cheti, na hapa nina habari nzuri kidogo.

Yanayompata mdogo wako yalimpata Mkenya mwingine kabla yake, neno kwa neno karibu. Audrey Mbugua alifanya KCSE 2001 Kiambu High School, akapata A-, akasoma Chuo Kikuu cha Maseno. Mwaka 2008 madaktari wa hospitali ya Mathari walimpima wakaandika hali yake. Alibadilisha jina kisheria, lakini cheti kilibaki na jina la kiume na alama ya M, yaani mwanaume, na ukiwa na A- ambayo huwezi kuionyesha mtu ni kama huna. Aliliandikia Baraza la Mitihani, KNEC, wakakataa. Akaenda Mahakama Kuu Nairobi. Tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir akaamuru KNEC wachukue cheti cha zamani na wampe kingine chenye jina lake, bila alama ya jinsia kabisa, ndani ya siku 45.

Soma hiyo vizuri, bila alama ya jinsia. Mahakama haikuanza kubishana kama Audrey ni mwanamke au si mwanamke, ambayo ndiyo watu walikuwa wanapigia kelele magazetini na kwa runinga. Iliangalia kama sheria inalazimisha cheti cha mtihani kiwe na M au F, ikaona hailazimishi, na kukitoa hakupunguzi alama hata moja, kwani hesabu husahihishwa kwa jinsia? Na jaji akaitaja heshima ya utu wa mtu, ile iko kwa kifungu cha 28 cha Katiba ya 2010. Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, Jaji George Odunga alikuwa ameamuru shirika la Audrey na wenzake, Transgender Education and Advocacy, lisajiliwe baada ya bodi ya mashirika yasiyo ya kiserikali kulikatalia. Kwa hivyo mdogo wako haendi kufungua njia, njia imekanyagwa na mtu aliyetukanwa nchi nzima akiikanyaga.

Kwa vitendo fanyeni hivi. Kwanza jina, kwa wakili, anaandika hati ya kubadili jina, inaapwa, inasajiliwa kwa msajili wa nyaraka, inatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Kenya. Kubadili jina ni haki ya mtu mzima yeyote, hakuna anayepaswa kumuuliza kwa nini anataka jina la bibi yake. Ukiwa na hiyo unaenda Huduma Centre, zile ofisi za huduma za serikali, kwa kitambulisho. Halafu ndio muandikie KNEC barua kupitia wakili, muitaje hiyo hukumu ya 2014, muambatishe barua za hospitali. Wakikataa, wakatae kwa maandishi, hiyo karatasi ya kukataa ndiyo mtakayoenda nayo mahakamani. Msimpe mtu wa kona hata shilingi moja eti ana jamaa huko ndani. Kesi ya Audrey ilichukua muda na moyo, na Kenya bado hakuna sheria inayosema wazi mtu afuate njia gani kubadilisha ile alama ya jinsia kwa kitambulisho, kwa hivyo mtegemee kwanza jina na cheti, hayo mengine yatakuja nyuma. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret ilimpa fidia ya shilingi milioni 1 mwanamke mmoja aliyebadili jinsia, ambaye alikamatwa akisingiziwa kujifanya mtu mwingine na akapimwa mwili kwa nguvu, na jaji akaelekeza serikali itunge sheria ya kuwalinda. Na jirani Uganda, ambako mambo ni magumu kuliko kwetu, Cleopatra Kambugu mwaka 2021 alipewa na serikali kitambulisho na pasi zinazosema yeye ni mwanamke. Inawezekana, ni pole pole lakini inawezekana.

Wakati mnangoja, intavyu ikija asiende kimya akingoja wagundue. Atangulize mwenyewe, mstari mmoja kwenye barua ya kuomba kazi, kwamba jina limebadilishwa kisheria na hati imeambatishwa. Wengine watamtupa hapo hapo na hataenda kupoteza nauli. Atakayemwita atakuwa ameshajua, na hakutakuwa na la kumwambia askari wa geti. Na hao wa sokoni, wawili watatu wamwandikie barua kwamba amewafanyia hesabu tangu mwaka gani, kwa jina lake la sasa. Viazi ni sawa lakini barua pia ni malipo.

Wewe mwenyewe sasa. Hujaniuliza lakini nitasema. Najua kwenye barua yote hujawahi kumwita dada yako. Umeandika "mdogo wangu" kila mahali, nimeona ulivyolizunguka. Si vibaya, ni neno zuri na halina kosa. Lakini kabla ya Ijumaa mpigie, ama umwendee kwa chumba alicholala, umwite jina moja tu, lile la shosho, bila kuongeza maneno mengine, bila hata kuomba msamaha bado. Mwite kama unamwita kuja chai. Tangu Desemba ile alikuwa na mtu mmoja nyumbani kwenu anayemwita hivyo kila siku, na huyo mtu sasa yuko mochari.

Jumatano ukifika kwa mwenye kuchapisha, usimtumie tu kwa simu. Kaa naye. Akifika kwa watoto wa mama yako, wa tatu, mtajie herufi moja moja, halafu akuonyeshe kwa kioo usome tena mwenyewe kabla hajabonyeza.